Kulinganisha si Kusawazisha: Neno "Sawa na" katika Maandishi Yetu

Miongoni mwa maneno ambayo waandishi wetu huyatumia bila kuyapima, ni machache yanayolishinda neno sawa linapofuatwa na kiunganishi na. Limo katika riwaya na magazeti, limo katika risala za mikutano na vitabu vya shule, na zaidi ya kote limo katika orodha za istilahi ambazo sisi wenyewe tunazitayarisha. Ni neno dogo, la kila siku, na pengine kwa sababu hiyo halikupata kuitwa mbele ya wahakiki likajieleza.

Makala haya yanakusudia kuliita. Rai yetu ni kwamba sawa na ni neno la mizani: anayelitamka anadai kuwa vitu viwili vimewekwa kwenye mizani na hakuna kilichozidi mwenziwe. Waandishi wengi hulitumia pasipo mizani yoyote, mahali ambapo kama, mithili ya, ni au ni mamoja na lingefaa zaidi. Kinachopotea hapo si pambo la lugha peke yake. Mara nyingi ni ukweli wa jambo, na mara nyingine ni haki ya watu.

1. Kosa letu wenyewe

Tungependa kuanza na kosa letu, msomaji asije akadhani tunawanyoshea wengine vidole. Tulipokuwa tukikusanya maneno ya kilimo cha umwagiliaji, tuliandika katika kadi moja hivi: "ndiva: sawa na lambo". Kadi ile ilipita mikononi mwa watu kadhaa, wote wasomi, na hapana aliyeishuku.

Baadaye tukapata nafasi ya kufika Same, na kutoka mjini tukaenda hadi kwenye ndiva moja katika miteremko ya milima ya Upare ya Kusini. Mzee aliyekuwa akisimamia zamu ya maji alituuliza tumekuja na nini katika makaratasi yetu. Tukamsomea kadi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Wanangu, lambo ni la ng'ombe. Lambo hungoja mvua. Ndiva hulala ikijaa, ikaamka ikifunguliwa. Je, lambo lina zamu?"

"Hapana, mzee," tukajibu.

"Basi mmeandikaje kwamba ni sawa?"

Hatukuwa na jibu. Kwa wasomaji wasioijua nchi ya Upare, yafaa tueleze. Ndiva ni bwawa dogo lililojengwa na wenyeji ili kupokea maji ya kijito yaletwayo kwa mfereji. Usiku, watu wanapolala, maji huendelea kuingia. Asubuhi tundu hufunguliwa na maji yakateremka mashambani kwa nguvu ambayo kijito peke yake kisingekuwa nayo, kila mkulima akipata kwa zamu yake. Kwa hiyo ndiva haiwi ndiva pasipo mfereji, zamu, watu wa kuufagia mfereji huo, na mapatano juu ya nani atangulie na nani afuate. Nyingi katika ndiva hizo asili yake ni koo, nazo koo ndizo zilizozilinda kwa vizazi vingi. Lambo, kwa upande wake, hukinga maji ya mvua yakasubiri mifugo. Yote mawili yana maji, na yote mawili yamezungukwa na udongo. Kufanana kwao kunaishia hapo.

Sasa tufikiri mhandisi au mpangaji wa maendeleo aliyeletewa kadi yetu. Atapima upana wa shimo na kina chake. Ataona kwamba shimo ni dogo, akashauri lipanuliwe au lihamishiwe mahali penye kukusanya mvua nyingi. Hatauliza habari za mfereji wala za zamu, kwa maana lambo halina vitu hivyo, na sisi tumemthibitishia kuwa ndiva ni sawa na lambo. Maneno mawili, sawa na, yalikuwa yamekwisha kuifuta kazi ya watu wengi.

2. Jamaa ya neno sawa

Neno sawa asili yake ni Kiarabu, na limekaa katika Kiswahili muda mrefu hata likazaa. Limetupa usawa na kusawazisha, na katika taaluma ya lugha likatupa istilahi kisawe. Pembeni yake yako maneno yenye asili ya Kibantu: fanana, na linga pamoja na watoto wake lingana, linganisha, ulinganifu na mlinganyo, ambalo wanafunzi wetu wamelizoea katika hisabati. Katika matumizi ya kila siku sawa lina maana nne ambazo yafaa kuzitenga:

(a) Kulingana kwa kiasi, uzito, kimo au thamani. "Mafungu haya mawili ni sawa."

(b) Kunyoka, kutokuwa na bonde wala mlima. "Kiwanja kimefanywa sawa." Hapa ndipo tulipopata istilahi usawa wa bahari, ambao ndio tunaoupimia kilele cha Shengena, kule Upare ya Kusini, tukasema kwamba kina zaidi ya mita 2,400.

(c) Kuwa sahihi au kuwa haki. "Jibu lako ni sawa." "Si sawa kumdhulumu yatima."

(d) Kuitikia. "Sawa, mzee." Maana hii ndiyo isikikayo zaidi kuliko zote, nayo haithibitishi kila mara kwamba anayeitikia amekubali, pengine ametii tu, au amechoka kubishana.

Maana hizi hazikai kila moja katika chumba chake. Mwandishi akisema kwamba kitu hiki ni sawa na kile, anakusudia maana ya kwanza. Lakini masikio ya msomaji hupokea pia mwangwi wa maana ya tatu na ya nne, kwamba jambo hilo ni sahihi na limekwisha kukubaliwa. Ndiyo maana sawa na huingia akilini kama hukumu, na msomaji haoni haja ya kuuliza. Kama haina nguvu hiyo. Mtu akisema "ndiva ni kama lambo", msikilizaji atauliza, "Kwa namna gani?" Akisema "ni sawa na lambo", mazungumzo yamekwisha.

3. Kigezo cha kugeuza

Mwandishi asiye na hakika na neno hili anaweza kutumia kigezo kimoja chepesi: aigeuze sentensi, kitu cha pili kitangulie, kisha aone kama bado inasimama. Tukisema "Nusu ni sawa na asilimia 50", tukageuza, "Asilimia 50 ni sawa na nusu", ukweli haukupungua. Gazeti likiandika kwamba wanafunzi 40 kati ya 80, sawa na asilimia 50, wamefaulu, limelitumia neno mahali pake hasa. Hesabu ni nyumbani kwa sawa na.

Tujaribu tashbihi. "Juma ana nguvu kama simba." Ukigeuza, "Simba ana nguvu kama Juma", watu watacheka, na kicheko chao ni ushahidi. Tashbihi huenda upande mmoja: humpeleka Juma kwa simba ili aazime sifa moja, kisha humrudisha nyumbani. Haimpeleki simba kwa Juma.

Neno ni nalo lina mwendo wake. Methali zetu hulipenda: umoja ni nguvu, akili ni mali. Ukigeuza hiyo ya pili ukasema "mali ni akili", umepata kejeli juu ya matajiri, wala si methali uliyoanza nayo. Wahenga hawakusema kwamba akili ni sawa na mali. Walijua tofauti baina ya kusema kitu kina thamani ya mali na kukiuza.

Liko tena fungu ambalo waandishi wa siku hizi wamelisahau, nalo ni mamoja na. Hili hutumika pale vitu viwili visipolingana kwa sura wala kwa kiasi, ila matokeo yake ni yale yale. "Kumfungia mkulima maji wakati mahindi yanachanua ni mamoja na kumng'olea shamba." Anayefunga maji hakushika jembe, wala hakung'oa hata shina moja, lakini mwisho wa msimu ghala la mkulima ni tupu. Mwandishi anayeandika "ni sawa na kumng'olea shamba" amesema jambo lililo karibu na hilo, ila ameficha kilicho muhimu, yaani kwamba vitendo ni viwili na hasara ni moja. Katika tafsiri kutoka lugha za kigeni kosa hili ni la kila ukurasa, maana wafasiri wamezoea kulitia sawa na kila wanapokutana na neno lolote lenye harufu ya kulingana.

4. Waandishi wa fasihi

Ukisoma miswada ya waandishi chipukizi utakutana mara kwa mara na sentensi za namna hii: "Macho yake yalikuwa sawa na nyota." Mfano huu ni wa kubuni, ila wenzake wako wengi. Mwandishi anataka kusifu, lakini amechukua chombo cha kupimia. Mpenzi si mpima ardhi. Nyota zikiwa sawa na macho, basi ama macho yamekuwa moto wa mbali usio na huruma, ama nyota zimekuwa na kope. Kama au mithili ya lingemwokoa, kwa kuwa lingeazima mng'aro peke yake na kuyaacha mengine.

Waandishi wetu wakubwa hawafanyi hivyo, na hapa inatupasa kuwatazama mmoja mmoja, kwa kuwa kila mmoja ametufundisha jambo lake juu ya kulinganisha.

Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, wakati Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Nchi yake iko angani. Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mema, wakalipwa kifungo. Imekuwa desturi ya baadhi ya wahakiki, na zaidi ya wanafunzi katika majibu ya mitihani, kuandika kwamba Kusadikika ni sawa na Tanganyika ya kikoloni. Tunaona kwamba usawazishaji huu unamdhulumu mwandishi. Iwapo Kusadikika ni sawa na Tanganyika ya kikoloni, basi mlinganyo umekwisha kupata jibu, na tarehe 9 Desemba 1961 kitabu kilikamilisha kazi yake. Kilichobaki ni kukiweka kabatini. Lakini mwandishi hakuandika mlinganyo. Aliitundika nchi yake angani ili isiwe sawa na nchi yoyote na iweze kuwa kama nchi nyingi. Kila mahali ambapo mjumbe anarudi na habari njema akafungwa, hapo pana Kusadikika kidogo. Neno kama limekiweka kitabu hai. Sawa na lingekizika.

Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, ametuonyesha kosa hili likiua. Habari yake ni ya Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kutoka mwaka 1905 hadi 1907. Maji anayotoa Kinjeketile yanawaunganisha watu waliokuwa wametengana. Ni alama ya umoja wao, na kwa kuwa alama hiyo yapo makabila yanayosahau ugomvi wa zamani. Lakini wapiganaji wanataka zaidi ya alama. Wanataka maji yawe sawa na ngao, risasi ikiyagusa isipite. Kitunda anasita, anataka watu wapewe kwanza muda wa kujifunza vita. Kinjeketile mwenyewe anakuja kuliona shimo lililo baina ya alama na ngao, lakini neno limekwisha kumtoka na haliwezi kurudi kinywani. Hapana mfano ulio mzito kuliko huo katika fasihi yetu wa kuonyesha namna ulinganisho unavyogeuzwa kuwa usawa, na jinsi watu wanavyolipa tofauti hiyo kwa damu.

Euphrase Kezilahabi alichagua njia ya tatu. Riwaya yake ya mwaka 1975 inaitwa Dunia Uwanja wa Fujo. Jina hilo halina kama wala ni, na sawa na halimo kabisa. Maneno mawili makubwa yamekalishwa pamoja bila mpatanishi, na kazi ya kuyaunganisha ameachiwa msomaji. Jaribu kulitia neno letu katikati, "Dunia ni sawa na Uwanja wa Fujo", uone namna jina linavyopooza na kugeuka taarifa ya karani.

Katika tafsiri, mfano unaozungumzwa sana ni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare aliyoitoa Julius Nyerere mwaka 1969. Jina la asili linamtaja mfanyabiashara mmoja. Mfasiri aliyetafuta kisawe tu angeandika mfanyabiashara, au tajiri. Nyerere alifanya mambo mawili: alimfanya mmoja kuwa wengi, na akachagua neno ambalo, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la 1967, lilikuwa limebeba lawama kubwa. Wapo waliosema kwamba alikosea. Sisi tunaona kwamba hakukosea, bali hakutafuta usawa. Alitoa hukumu juu ya watu wa mji ule, na hukumu hiyo ilikuwa na jina la mwenye kuitoa juu ya jalada. Anayeikataa anajua wa kubishana naye. Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya mfasiri wa fasihi na mtunga istilahi. Mfasiri anaweza kuhukumu kwa jina lake. Orodha ya istilahi haina uso, na ikihukumu kwa kujificha nyuma ya sawa na, msomaji hana wa kumwuliza.

Tusisahau pia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell, iliyotoka mwaka 1967. Kejeli ya kisa kile imesimama juu ya jambo moja la lugha: usawa hauna daraja. Ng'ombe anaweza kuwa mnene kuliko mwenziwe, lakini hawezi kuwa sawa kuliko mwenziwe. Watawala wa shamba lile wanapofika mahali pa kuupa usawa daraja, lugha yenyewe inawasuta, na msomaji wa Kiswahili anasikia suto hilo bila kufafanuliwa.

5. Mbiru: neno moja, vitu viwili

Kutoka kwenye vitabu turudi Same, kwa kuwa mji huo ulipata kushuhudia kwa macho yale ambayo waandishi hao wameyaonyesha kwa kalamu.

Zamani mbiru lilikuwa jina la kile ambacho Wapare waliwatolea watawala wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, chini ya utawala wa Waingereza, ilianzishwa kodi mpya iliyokadiriwa kwa kadiri ya mali ya kila mtu, nayo ikapewa jina hilo hilo la mbiru. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyekuwa mwenyewe mwenyeji wa Upare, aliueleza mkasa huo katika kitabu alichokitoa mwaka 1971. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same, palipokuwa na makao makuu ya wilaya ya Upare ya wakati ule, kuipinga kodi. Upinzani uliendelea kwa muda mrefu, na wanawake wa Usangi nao wakaandamana. Hatimaye kodi ile ikaondolewa.

Hatusemi kwamba watu waliteremka milima yote ile kwa sababu ya neno. Waliteremka kwa sababu ya kodi na kwa sababu ya namna mali zao zilivyokadiriwa. Lakini msomaji aangalie kazi ambayo neno lilipewa kufanya. Kuiita kodi mpya mbiru ni kudai, bila kusema, kwamba ni sawa na mbiru ya zamani; na kama ni sawa, basi anayeikataa anakataa mila ya baba zake. Tutumie kigezo chetu. Je, mbiru ya zamani ilikuwa kodi ya kukadiriwa na wajumbe wa serikali wenye madaftari? Haikuwa hivyo. Sentensi haigeuki. Waliokusanyika Same hawakuhitaji kuambiwa hayo na mtaalamu wa lugha. Walivijua vitu vyote viwili, wakaona kuwa vimevikwa kanzu moja. Waliombwa kuitikia "sawa" ya maana ya nne, wakakataa kwa kuwa "sawa" ya maana ya kwanza haikuwa kweli.

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni ya wakoloni na yamepita. Tungependa kumwonyesha kwamba jambo lile lile linaweza kufanyika leo kwa nia njema kabisa. Upare umetoa katika Kiswahili neno msaragambo, yaani kazi ya pamoja inayofanywa na wanakijiji kwa manufaa ya wote, kama vile kutengeneza barabara au kusafisha mfereji. Ni rahisi kuandika "msaragambo: sawa na ujima", na tumepata kuyaona maneno hayo yakipendekezwa. Lakini neno ujima katika vitabu vya historia vya shule limekuwa jina la mfumo wa kale wa uzalishaji mali, unaotangulia umwinyi na ubepari. Mwanafunzi wa Same aliyetoka kwenye msaragambo Jumamosi akisoma Jumatatu kwamba alichokifanya ni sawa na ujima, ataelewa kwamba baba yake na mama yake ni watu wa zama zilizokwisha. Hapana aliyekusudia kumwambia hivyo. Sawa na ndilo lililomwambia.

6. Je, tuache kusawazisha?

Hoja inaweza kuletwa dhidi yetu kwamba kazi ya istilahi haiwezekani bila usawa. Kamusi gani itaandikwa iwapo kila kitu ni kama na hapana kilicho sawa? Hoja hii ina uzito, na sisi tunaokula kwa jasho la kazi hiyo hatuwezi kuipuuza.

Jibu letu ni kwamba istilahi ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya vitu vilivyozaliwa pamoja na fasili yake. Mlinganyo, uwiano, sambamba: hisabati imekwisha kusema vitu hivi ni nini, na kazi yetu ni kukubaliana juu ya jina. Hapo usawa unatokana na mapatano, na sawa na ni halali yake. Aina ya pili ni ya vitu vilivyozaliwa na watu kabla ya sisi kufika na kadi zetu. Ndiva, mbiru na msaragambo ni vya namna hiyo. Vina wenyewe, na wenyewe wangali wanavitumia au wanavikumbuka. Hapo usawa haupatikani ofisini. Hauna budi kuthibitishwa mahali penyewe, na aghalabu ukithibitishwa huonekana kuwa ni mfano tu.

Kwa hiyo tungependa kutoa mapendekezo haya kwa waandishi, wafasiri na watunga istilahi wenzetu:

(i) Sawa na litumike kwa hesabu, vipimo, na istilahi ambazo usawa wake umefikiwa kwa mapatano.

(ii) Katika kusifu na kutia picha, kama, mithili ya na mfano wa yapewe nafasi yake. Au, kwa mwandishi mwenye moyo, maneno yawekwe pamoja bila kiungo.

(iii) Pale vitendo viwili vinapotofautiana lakini mwisho wake ni mmoja, tulirudishe ni mamoja na.

(iv) Kila sentensi yenye sawa na igeuzwe kabla ya kupelekwa mtamboni. Isiposimama, ibadilishwe.

(v) Kitu chenye wenyewe kielezwe, kisisawazishwe, na maelezo yasomwe mbele ya wenyewe kabla ya kuchapishwa.

Pendekezo hili la mwisho ndilo gumu, kwa kuwa linataka nauli na muda, na orodha za istilahi daima huhitajiwa jana. Lakini gharama ya kulipuuza huwaangukia wengine. Mhandisi akiongozwa vibaya na kadi yetu, si sisi tutakaolala na mahindi yaliyokauka.

Kadi ya ndiva tuliiandika upya pale pale mtoni, mzee akituelekeza, na sasa inasomeka hivi: "ndiva: bwawa dogo linalojazwa usiku kwa maji ya mfereji na kufunguliwa asubuhi ili wakulima wamwagilie kwa zamu." Tulimsomea mara mbili. Mara ya kwanza alitukatiza, kwa sababu tulikuwa tumeisahau zamu. Mara ya pili alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa chini, akasema, "Sawa."

Tuliithamini sawa hiyo kuliko mihuri yote iliyokuwa juu ya kadi ya kwanza. Wasomaji wenye mifano ya maneno yaliyosawazishwa na yasiyo sawa nayo, kutoka wilaya zao, wanaombwa watuletee, pamoja na majina ya vitu na maelezo ya namna vinavyotumika huko.